OK, okay au okey? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno dogo la Kiingereza

Nina steshenari ndogo Morogoro. Kazi yangu kubwa ni kuchapa: barua za maombi ya kazi, sivii, na siku hizi barua pepe za watu wanaofanya biashara na wageni. Hakuna neno la Kiingereza ninaloulizwa kama hili. Mteja anasimama nyuma ya kiti changu, ananyoosha kidole kwenye skrini, anauliza: "Hapo kwenye okey, pako sahihi?" Foleni ikiwa ndefu hujibu kwa neno moja. Hapa nimejibu kwa nafasi.

Tahajia sahihi ni ipi?

Ziko mbili: OK na okay. Maana ni moja, matamshi ni yale yale, na zote zimo kwenye kamusi kubwa za Kiingereza. Hakuna iliyo ya wasomi na nyingine ya mtaani.

Wengi huamini kwamba okay ndilo neno kamili na OK ni kifupi chake. Ni kinyume chake. OK ndiyo iliyotangulia, mwaka 1839. Okay ni herufi hizo mbili zilizoandikwa jinsi zinavyotamkwa, kama sisi tunavyoandika "tivii" au "sivii", na ilikuja kushika kasi katika karne ya 20.

Tofauti iliyopo ni ya mtindo tu. Waandishi wa habari wa Associated Press wameelekezwa kuandika OK na kuacha okay. Jarida la The New Yorker linaweka nukta: O.K. Kwenye hadithi utakuta okay zaidi, hasa watu wanapozungumza, kwa sababu herufi mbili kubwa katikati ya sentensi huvuta jicho. Mimi nawaambia wateja wangu wachague moja na wasiiache hadi mwisho wa barua. Barua yenye OK juu, okay katikati na Ok chini inaonekana imeandikwa na watu watatu.

Kwa hiyo okey ni kosa?

Kwa Kiingereza, ndiyo. Ni kosa linaloeleweka, na sipendi mtu achekwe kwa ajili yake. Sikio la Mswahili linasikia "kei" na mkono unaandika e, kwa sababu kwetu e ni e siku zote. Isitoshe Kiingereza chenyewe kina they, hey na obey, ambamo ey inatamkwa hivyo hivyo. Lakini okay imejipanga na kundi jingine: day, say, pay, stay. Ukikumbuka kwamba okay inaimba pamoja na day, hutakosea tena.

Kuna sababu nyingine ya kuiepuka. Kiingereza kina neno key, yaani ufunguo, linalotamkwa "kii". Msomaji Mwingereza akiona okey anaweza kusikia "oki". Na kweli upo msemo wa utani, okey-dokey, unaotamkwa "oki-doki" na kuandikwa kwa ey bila tatizo. Huo ni msemo wa marafiki, usiupeleke kwenye barua ya kazi.

Ukiona okey mahali pengine, tazama kwanza ni lugha gani. Wahispania wanaandika okey, na Waturuki pia. Waindonesia wanaandika oke. Kwao ni sahihi, kwa sababu wamelifuata neno kwa sauti za lugha zao.

Na Ok yenye O kubwa na k ndogo?

Utaiona kila mahali, hata kwenye programu za simu. Wahariri wengi hawaipendi, kwa hoja kwamba OK ni herufi mbili za mwanzo wa maneno mawili, kwa hiyo zote ni kubwa au zote ni ndogo. Kwenye ujumbe wa simu andika ok upendavyo. Kwenye karatasi itakayowekwa kwenye faili la mtu, andika OK au okay.

Herufi hizo zinasimama badala ya nini?

Hapa ndipo ninapopenda kuulizwa. OK ni kifupi cha oll korrect, yaani "all correct" iliyoandikwa vibaya kwa makusudi. Maana yake ni "yote sahihi", na hata herufi moja kati ya hizo mbili si sahihi.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 magazeti ya Boston, Marekani, yalishikwa na mtindo wa kufupisha maneno kwa utani. Baadaye wakaongeza chumvi: wanakosea tahajia kwanza, halafu ndipo wanafupisha. "All right" waliiandika oll wright, wakafupisha O.W. "No use", yaani haifai kitu, waliiandika know yuse, ikawa K.Y. Msomaji alipaswa kufumbua mwenyewe.

Kama ulikuwa na simu miaka ile ujumbe mfupi ulipokuwa unalipiwa kila unapotuma, unaujua mchezo huu. Vijana wetu waliandika "xaxa" badala ya sasa na "cjui" badala ya sijui. "Cjui" inaokoa herufi moja. "Xaxa" haiokoi hata moja. Ilikuwa ni raha ya kuandika kwa namna ambayo wazee hawaandiki. Vijana wa Boston walikuwa na raha ile ile.

Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post, lililokuwa chini ya mhariri Charles Gordon Greene, lilichapa habari ya utani kuhusu chama kimoja cha watu wa Boston, likiwatania wenzao wa gazeti la mji wa Providence. Ndani yake ziliwekwa herufi o.k., na pembeni yake maana yake, "all correct", ili msomaji asipotee. Ndiyo mara ya kwanza inayojulikana kwa neno hili kuonekana kwenye chapa.

Nani aliyegundua hayo?

Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alipekua magazeti ya zamani kwa miaka mingi, wakati hakuna kompyuta ya kutafutia neno, na matokeo yake yakachapishwa kwenye jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Kabla yake kila mtu alikuwa na hadithi yake. Baada yake hadithi zimebaki, lakini wataalamu wa asili ya maneno wameafikiana.

Mbona O.W. ilikufa na OK ikabaki?

Siasa iliibeba. Mwaka 1840 Martin Van Buren, rais wa nane wa Marekani, aligombea muhula wa pili. Alizaliwa Kinderhook, katika jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo ni O na K. Wakaanzisha O.K. Club jijini New York, na ghafla herufi zile zikawa na maana mbili: mgombea wetu, na kwamba mgombea wetu yuko sawasawa.

Wapinzani nao hawakukaa kimya. Walieneza kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, hakujua kuandika, ndiyo maana alikuwa akipitisha nyaraka kwa kuandika O.K. akidhani ndivyo "all correct" inavyoanza. Ulikuwa uzushi wa kampeni. Lakini uzushi ule uliwafundisha watu matumizi mapya: kuweka OK kwenye karatasi kama alama ya kuidhinisha. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, neno likashinda.

Kisha ikaja telegrafu. Anayepokea ujumbe kwa waya alihitaji jibu fupi la kusema umefika salama, na OK ilitosha. Reli zikaitumia hivyo hivyo. Mtu aliyekuwa stesheni ya mbali, asiyejua lolote kuhusu utani wa Boston wala uchaguzi wa 1840, akaipokea kama chombo cha kazi.

Naongeza na sababu yangu ya sikio. O, k, e: ni sauti ambazo karibu kila lugha inazo. Kwetu linaingia bila kurekebishwa, silabi mbili zinazoishia kwa irabu kama maneno yetu wenyewe. Tumehamisha mkazo tu. Mwingereza kwa kawaida anakaza mwisho, o-KEI. Sisi tunasema Oke, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema mtoto na ndege.

Nilisikia lilitoka Afrika. Si kweli?

Nadharia hiyo ipo, na iliwekwa mezani na msomi wa lugha, David Dalby, aliyelinganisha OK na maneno ya kukubali ya Afrika Magharibi, kama waw kay ya Kiwolofu. Ningefurahi ingekuwa kweli. Ila kufanana kwa sauti hakutoshi, panahitajika ushahidi wa maandishi unaounganisha, na ushahidi uliopo unaelekea Boston.

Ziko nyingine nyingi. Kigiriki ola kala, "yote mazuri". Kiskoti och aye. Bandari ya Les Cayes, Haiti. Lugha ya Wachoktawi, wenyeji wa asili wa Marekani, nayo imetajwa: Rais Woodrow Wilson aliiamini nadharia hiyo kiasi cha kuandika okeh anapoidhinisha nyaraka. Na usichanganye na kifupi cha jimbo la Oklahoma, OK. Jina la jimbo hilo kweli linatokana na maneno ya Kichoktawi, "watu" na "wekundu", lakini halina undugu na neno letu.

Maana yake si "sawa" tu?

Mara nyingi ndiyo. Mara nyingine "sawa" inakudanganya, na hili ni muhimu kuliko a au e.

Mama mmoja anayesuka vikapu vya ukindu aliniletea barua pepe kutoka kwa mnunuzi wa nje. Alikuwa amemtumia sampuli, na jibu lilikuwa na mistari minne. Katikati palikuwa na sentensi hii: "The quality is okay." Nikamtafsiria: "Anasema ubora uko sawa." Mama akafurahi, akarudi kwa wenzake, wakaanza kununua ukindu na rangi kwa ajili ya oda. Oda haikuja. Nilipoisoma tena barua ile nikaona nilipokosea. Mnunuzi hakuwa amesifu kitu. Alikuwa amesema ubora unapita, si mbaya, basi. Ningepaswa kumwambia: "Anasema ubora ni wa wastani, muulize anataka urekebishwe wapi." Pengine mazungumzo yangeendelea. Jambo lile linaniuma mpaka leo, na tangu siku hiyo sitafsiri okay bila kuuliza kwanza imekaaje kwenye sentensi.

Kanuni ninayoitumia ni hii. OK ikisimama peke yake kama jibu, ni kukubali: sawa, haya, vema. Ikitumika kueleza hali ya mtu, "Are you OK?", ni salama, mzima: "Uko salama?" Ikitumika kupima ubora wa kitu, chakula, kazi au filamu, inashuka hadi "si mbaya", "inaridhisha". Mwingereza akikila chakula chako na kusema "It was OK", hajakipenda sana. Angekipenda angesema good, lovely, great.

Kiswahili hakina ubaridi huo kwenye sawa. Neno letu lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya kulingana, kuwa usawa mmoja, na "sawasawa" kwetu ni pongezi. Fundi akikwambia kazi imekaa sawasawa, amejivunia. Kwa hiyo tukisoma okay kwa moyo wa sawasawa, tunasikia sifa ambayo haikusemwa.

Mgeni akisema "I'm OK" baada ya kukaribishwa chai, anakubali au anakataa?

Anakataa, kwa adabu. Anasema ametosheka alivyo. Nilijifunza kwa kumiminia chai kijana mmoja aliyekuja kuprinti tiketi. Nilimuuliza, akajibu "I'm okay" huku akitabasamu, nikasikia ndiyo, nikajaza kikombe. Alikunywa chote kwa sababu alikuwa na adabu.

Tusishangae sana, maana hata sisi tunakataa kwa neno la shukrani. Mtu akikaribishwa chakula akaweka mkono kifuani na kusema "asante", kila mtu anajua kwamba hatakula. Mgeni asiyejua Kiswahili atampakulia.

Siku hizi vijana wanajibu "niko sawa" kwa maana hiyo ya Kiingereza. Bibi yangu angeuliza: sawa ya nini, unakula au huli? Ukiwa na wazee, "nimeshiba, ahsante" inaeleweka mara moja.

"Am okay" ni sahihi?

Hapana, panahitajika I mbele: I am okay, au I'm okay. Hili nalirekebisha karibu kila siku, pamoja na "Am fine" na "Am applying". Chanzo chake nakiona kwenye lugha yetu. Kiswahili kinambeba mtenda ndani ya neno lenyewe: katika niko, ni- ndiye mimi. Mtu anahisi am tayari imebeba "mimi" ndani yake. Kiingereza kinataka mtu atajwe peke yake. Na I'm haikosi kile kialama cha juu kati ya I na m.

OK inaweza kuwa kitenzi?

Ndiyo, kwa maana ya kuidhinisha. "The manager okayed it", meneja ameidhinisha. Ukitumia OK, weka alama: OK'd, OK'ing. Kwa macho yangu okayed na okaying zinasomeka vizuri zaidi.

Naweza kuitumia kwenye barua ya maombi ya kazi?

Iepuke. Si tusi, ila ni neno la mazungumzo. Kijana mmoja aliniletea rasimu yenye "Am okey with the salary". Makosa mawili tuliyasahihisha kwa sekunde, lakini sentensi bado ilikuwa na ulegevu. Tukaandika "I accept the salary offered". Kama unathibitisha siku ya usaili, "I confirm that I will attend" inatosha. Kwenye barua pepe kati ya watu mnaofahamiana kazini, okay haina shida.

Na "alright" je?

All right, maneno mawili, inakubalika popote. Alright, neno moja, inatumika sana lakini wahariri wengi bado wanaikataa. Kwenye barua rasmi andika all right.

Nikiandika Kiswahili, niandike ok, oke au okei?

Ukimnukuu mtu alivyosema, andika "oke", ndivyo tunavyotamka wengi. Lakini tuna maneno yetu na kila moja lina mahali pake, sioni sababu ya kuyafukuza. Sawa ni ya kukubali. Haya ni ya kuruhusu jambo lianze. Vema ina uzito kidogo wa heshima. Poa ni ya marafiki. Simu nyingi ukiziweka kwa Kiswahili zinakupa kitufe cha "Sawa" na cha "Ghairi" pembeni, na sijamwona mteja aliyepotea hapo.

Kwa njia, hata kitufe cha OK kina historia. Watengenezaji wa kompyuta ya Lisa ya Apple, miaka ya mwanzo ya 1980, walikuwa wameandika "Do It", yaani "fanya". Baadhi ya waliojaribu wakasoma "Dolt", neno lenye maana ya mpumbavu, wakashangaa kompyuta inawatukana. Wakabadilisha ikawa OK.

Ni adabu kumjibu mzazi au bosi "ok" kwenye ujumbe?

Mimi siwezi. Mama yangu akiandika kwamba amefika salama, namjibu "Sawa mama, tunamshukuru Mungu". Ok tupu kwa mtu mzima inasomeka kama mlango uliofungwa. Herufi k peke yake ni mbaya zaidi, hata vijana wa Ulaya na Marekani wanaisikia kama hasira. Ongeza jina la heshima: "Sawa mzee", "Sawa dada", "Nimekupata, mkuu".

Ishara ya kidole gumba na cha shahada kuunda duara ina maana ya OK kila mahali?

Hapana. Kwa wapiga mbizi duniani kote ni "niko salama", na gumba juu kwao ni "napanda", kwa hiyo hawazichanganyi. Japani duara lile linaweza kumaanisha pesa. Brazili na Uturuki ni tusi. Marekani, tangu mwaka 2017, baadhi ya wabaguzi wa rangi wameitumia kama alama yao. Ukipiga picha na wageni, weka mkono chini.

Nimeshatuma maombi yenye "okey" ndani. Nitume upya?

Usitume. Barua ya pili ya kusahihisha herufi moja italeta macho mahali ambapo pengine hayakufika. Lakini rekebisha faili lako leo, kabla hujalinakili kwa ajili ya kazi nyingine. Kwenye Word bonyeza Ctrl pamoja na H, juu andika okey, chini andika okay, kisha pitia moja moja badala ya kubadilisha zote kwa mpigo. Ukifika kwenye "Am okay", simama hapo uongeze I.